Kwanza Eliya Alilala

Je, ni halali kumfundisha subira mtu uliyemnyima usingizi? Swali hili hunijia kila ninaposikia madaktari wanagenzi wameitiwa semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Mimi ni muuguzi mstaafu hapa Kipkelion, na semina moja ya aina hiyo niliihudhuria. Mkufunzi alijua kazi yake: vuta pumzi, ishike, iachie polepole. Safu ya nyuma, binti mmoja mwanagenzi aliyetoka zamu ya usiku wodi ya wazazi alikuwa amelaza shavu mezani, kalamu bado mkononi, mkono wa koti una madoa ya iodini. Mkufunzi akataka aamshwe, ajifunze kutulia. Nikamwambia, "Mwalimu, huyo ndiye aliyekuelewa."

Mafunzo hayo siyadharau. Kumweleza mwenzako kabla hujazidiwa kunaweza kuokoa maisha. Shaka yangu ni kuhusu kipi kitangulie. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, Eliya yuko chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Maswali ya Mungu yanamngoja mlimani Horebu, akishapata nguvu.

Tena, kuacha kazi si lazima aachiwe mchovu aamue peke yake. Watawa Watrapisti waliokuja hapa kutoka Uholanzi mwaka 1956, siku ambazo mji ulikuwa bado unaitwa Lumbwa, waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanuni hiyo inaamuru kwamba kengele ya sala ikilia, mtawa aache papo hapo kazi aliyoishika. Haachiwi apime mwenyewe kama ana ujasiri wa kuiacha. Ni amri ya nyumba nzima.

Kwa madaktari, jukumu hilo limebaki la mtu mwenyewe: mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika kiapo cha madaktari ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe. Mwaka huohuo mgomo wa madaktari wa Kenya ulitimiza siku 100; mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, malipo ya wanagenzi yakiwa kiini cha mzozo. Daktari ameapa kujitunza. Nani ameapa kumpa nafasi ya kujitunza?

Wakuu wa hospitali, pangeni kwanza zamu zenye saa za kulala na mtu wa kumpokea mwanagenzi kazi. Kisha mwiteni mkufunzi. Subira inayodaiwa kwa mchovu peke yake, huku aliyepanga zamu amelala kwake, si fadhila. Ni dhuluma.