Kujitolea na Kunyimwa



Baada ya mkutano mmoja ndugu mzee alituuliza: "Mtu akijitolea, sisi tuna deni kwake?" Wengi walijibu haraka: hapana, ndiyo maana ya kujitolea. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza.

Huko Marekani kuna mlima uitwao Mount Washington, wenye urefu wa mita 1,917. Kileleni kuna kituo cha kupima hali ya hewa. Tarehe 12 Aprili 1934 wapimaji wake waliandika upepo wa kilomita 372 kwa saa. Wakati wa baridi kali, wapimaji hutoka nje mara kwa mara, usiku na mchana, kwenye theluji, kusoma vipimo. Watu wa kujitolea hupanda kukaa nao juma zima, kuwapikia na kusafisha. Hawalipwi. Lakini husafirishwa hadi juu, hula, hulala pa joto, na juma likiisha hurudishwa chini. Wanatoa zawadi, maana wangeweza kukataa.

Sasa tuangalie mlima wetu. Wengi wetu hapa Kyebando tunaujua Nyiragongo, mita 3,470, na hatujasahau 17 Januari 2002 moto ulipopita katikati ya Goma. Mtaalamu wa kwetu, Dieudonné Wafula, alikuwa ameona dalili na kuonya mapema. Ilikuwa miaka ya vita, na watumishi wengi wa serikali mashariki walifanya kazi bila mshahara. Je, mtu anayefanya kazi hivyo tumwite mwenye kujitolea? Nasema hapana. Yeye anadai. Tukimsifu tu, tunalifunika deni kwa sifa.

Na deni la mlinzi huwarudia wote. Ufadhili ulipokwisha mwaka 2020, kituo cha kuchunguza volkeno cha Goma kilikosa hata pesa ya intaneti kwa miezi kadhaa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila watu kuonywa, na zaidi ya 30 walikufa. Sisemi pesa ingeuzuia moto. Nasema tu kwamba mlinzi aliyeachwa peke yake haoni mbali.

Turudi nyumbani. Kati yetu kuna mama anayewasindikiza wagonjwa hospitali kwa sababu anajua Kiganda. Boda analipa mwenyewe. Siku hiyo hauzi mboga zake, na watoto wanangoja chakula. Tunamwita mama wa kujitolea, tunampigia makofi. Lakini nani amewahi kumwuliza kama leo anaweza? Mgonjwa akigonga mlango usiku, atakataa vipi?

Basi jibu langu kwa mzee ni hili: zawadi ni zawadi pale tu mtoaji ana nafasi ya kusema hapana. Asipokuwa nayo, sisi ndio tunaochukua. Kabla ya makofi tumwulize: Mama, umekula? Nauli imelipwa na nani? Na kesho, nani akupokee zamu?