Nani Afutaye Deni la Nafsi?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja aliuliza suala ambalo wenziwe walilicheka. Alisema: "Maalim, hawa Wajaini hawaamini kuwa yuko Muumba, wala hawatarajii kusamehewa dhambi na yeyote aliye juu yao. Mbona basi wengi wao huiogopa dhambi kuliko sisi tunaongojea Hesabu?" Mimi sikucheka. Suala hili lastahili jawabu, wala si jawabu ya kejeli.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuwaita Wahindi hawa wote Mabaniani, bila ya kupambanua. Wajaini wana dini yao mbali, na hekalu lao la marumaru nyeupe, lililojengwa mwaka 1963, liko Langoni, mjini kwetu Mombasa, na wengi wetu twalipita kwenda sokoni. Mwalimu wao mkuu ni Mahavira, aliyeishi Bihar katika Uhindi yapata karne ya 6 kabla ya Nabii Isa. Wao humhesabu kuwa ni wa 24 katika waalimu walioionyesha njia, wala hawasemi kuwa ndiye aliyeianzisha. Al-Biruni alipoandika kitabu chake juu ya Uhindi, yapata mwaka 1030, alizieleza itikadi za wenyeji kama walivyozisema wenyewe, ndipo akazipima. Nasi tufuate adabu hiyo.

Wasema kuwa kila chenye uhai kina roho, mtu na ndege, chungu na hata mti, na kwamba roho kwa asili yake ni safi, ina ujuzi na furaha isiyo na mpaka. Kiizuiacho kupanda ni karma. Hapa ndipo wanapoachana na Wahindi wengine, kwani kwao karma si amali na malipo yake tu, bali ni kitu hasa, mfano wa vumbi jembamba mno, liingialo rohoni kila mtu atendapo, asemapo au afikiripo. Na vumbi halishiki sana penye ukavu, hushika penye mafuta. Mafuta hayo ni mambo manne: hasira, kiburi, hila na tamaa. Basi kazi ya mtu ni kuuziba mlango vumbi lisizidi kuingia, kisha kuliondoa lililokwisha kuganda, kwa kufunga, kujinyima, kutafakari na kuyakiri makosa. Roho ikitakata kabisa hupanda hata kileleni mwa ulimwengu, isirudi kuzaliwa tena.

Watawa wao huchukua nadhiri tano: kutodhuru chenye uhai, kutosema uwongo, kutochukua wasichopewa, kujizuia na matamanio ya mwili, na kutomiliki. Watu wa majumbani na madukani huchukua hizo hizo kwa kipimo chepesi. Na katika hizo ni kwamba mtu ajiwekee mpaka wa mali atakayokuwa nayo. Niliposoma hayo nilirudi nikayasoma tena. Mfanyaji biashara ajiwekee mpaka mwenyewe, bila ya serikali kumlazimisha!

Katika asili ya jambo hatukubaliani nao. Roho haikujiumba, na isiyojiumba haiwezi kujikomboa pasipo rehema ya Aliyeiumba. Lakini itazame itikadi yao inavyomfanya mwenye kuishika. Asiyetarajia kufutiwa neno lake hulipima kabla halijatoka. Sisi tuna mlango wa toba, nao ni neema kubwa, walakini wako miongoni mwetu walioufanya mlango huo kuwa pa kupitia wakimbiapo wanaowadai.

Nilipokuwa mdogo, mzee mmoja wa dini hiyo alikuwa na duka karibu na nyumba yetu. Wao wana siku nane za ibada, Paryushan, ziangukazo mwezi wa Agosti au Septemba, na siku ya mwisho kila mmoja humwendea mwenziwe kumtaka radhi. Mzee yule akaja barazani, akakutanisha viganja, akamwomba marehemu baba amsamehe. Baba akastaajabu, akamwambia: "Hukunikosea kitu, bwana." Akajibu: "Nilijualo nimekwisha kulitengeza. Nimekuja kwa lile nisilolijua."

Baba hakusema neno. Wakati ule yeye na ami yangu walikuwa hawasemezani, mwaka wa saba, kwa ajili ya mpaka wa shamba la minazi. Kesho yake asubuhi alivaa kanzu, akatoka, akafika pembeni mwa njia, akarudi. Ami alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata.

Wanavyuoni wetu wamekwisha kutwambia kuwa toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirejea. Ikiwa kosa lahusu haki ya mja, limeongezwa la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Mimi nimeswali karibu na baba yangu miaka mingi, na naamini alilia kwa Mola wake juu ya jambo lile. Alizitimiza tatu. Ile ya nne ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nilipomaliza kuyasema haya darasani yule kijana aliuliza tena: "Na aliyekwisha kufa, hutakwa radhi vipi?" Nilimjibu kuwa mali hurudishwa kwa warithi wake, na kwa yasiyokuwa mali mtu amwombee dua na kumtolea sadaka. Ya mali tumeyafanya. Mwaka uliopita tuliupima tena mpaka mbele ya wazee wawili, na minazi sita ikarudi kwa watoto wa ami. Mkubwa wao aliipokea, akatia sahihi, na mpaka leo hajaingia nyumbani kwetu.