Yaliyopita Ni Ndwele: Maadili ya Nafasi ya Pili katika Riwaya za Mapenzi ya Vijana

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wahenga hao hao walisema pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hizi mbili zinapingana, na mgongano wao ndio kiini cha aina moja ya riwaya inayopendwa mno na wasomaji vijana, ijapokuwa wahakiki wetu wameipa kisogo. Hiyo ni riwaya ya wapenzi waliotengana wakiwa wangali wabichi, wakaishi mbalimbali kwa miaka kadhaa, kisha wakakutana tena na kurudiana.

Katika semina moja ya wanafunzi wa shahada ya uzamili niliuliza swali nililolidhania jepesi: mtu aliyeutupa upendo wa mwenzake ana haki gani ya kuurudia? Wengi wa wanaume darasani walijibu kwamba apendaye kweli husamehe. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza, "Na anayesamehe, ni lazima arudi?" Hakuna aliyemjibu; wala mimi sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Hoja tunayokusudia kuitetea ni kwamba kusamehe na kurudiana ni matendo mawili tofauti, na kwamba riwaya inayoyachanganya humdanganya msomaji wake. Aidha, tunadai kwamba muda peke yake haulitakasi kosa. Waliotengana hawawezi kurudiana kwa haki mpaka wasimuliane yaliyowatenga, na kila mmoja alisikie fungu lake la lawama. Tutaichunguza hoja hii kwa kurejelea kazi tatu: Persuasion ya Jane Austen, Where She Went ya Gayle Forman, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ni riwaya ya Forman tu iliyoandikiwa vijana mahususi. Lakini zote tatu zinahusu uamuzi uliofanywa, au uliofanyiwa mtu, katika ujana, na deni lake likaja kudaiwa baadaye.

Kurejea na kufunga upya

Kabla hatujaziendea riwaya zenyewe, yafaa tutafute istilahi zitakazotufaa, na hatuna haja ya kwenda mbali. Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi'i, wana utaratibu unaoeleweka kuhusu jambo hili. Mwanamke aliyepewa talaka ya kwanza au ya pili hukaa eda, ambayo kwa anayepata hedhi ni muda wa tohara tatu. Katika muda huo mume ana haki ya kumrejea mkewe pasipo kufunga ndoa nyingine. Wanazuoni wa Shafi'i wanashikilia kwamba urejeo huo hauna budi kutamkwa. Kukutana kimwili tu hakutoshi. Eda ikiisha, haki ile hukoma. Mume akimtaka tena mwanamke yule, sharti apose kama mgeni, akubaliwe, atoe mahari mengine na ndoa ifungwe upya.

Hatuzileti hukumu hizi hapa ili tuzijadili kifikihi. Tunazileta kwa sababu zinatenganisha mambo mawili ambayo riwaya za mapenzi huyafunga katika kitita kimoja. Katika kurejea, kifungo cha zamani huhesabiwa kuwa kingali hai, na utashi wa upande mmoja unatosha kukikaza. Katika kufunga upya, kifungo cha zamani kimekufa. Wawili hawa wanasimama kama watu wasiodaiana, na ridhaa ya yule anayeombwa ndiyo mlango pekee. Tunadai kwamba mvuto wa riwaya nyingi za nafasi ya pili unatokana na kiini macho: zinatusimulia kurejea huku zikituaminisha kwamba ni kufunga upya. Anayerudi anajiendea kama mwenye mali aliyeacha mzigo wake kwa jirani.

Ungamo la pande mbili

Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya kifo cha mwandishi wake, ndiyo mzazi wa riwaya nyingi za aina hii. Anne Elliot, akiwa na umri wa miaka 19, anavunja uchumba wake na Frederick Wentworth kwa ushauri wa Lady Russell, ambaye kwake ni kama mama. Baada ya miaka minane Wentworth anarudi, akiwa nahodha mwenye sifa na mwenye uchungu uliomganda moyoni. Msomaji mwepesi atasema kwamba riwaya hii inamfundisha binti kutosikiliza wakubwa. Sivyo. Mwishoni Anne anashikilia kwamba ushauri aliopewa ulikuwa mbaya, na bado yeye alifanya sawa kuutii, kwa kuwa katika umri ule na kwa nafasi ile ilimpasa kumsikiliza aliyemlea. Huu ni msimamo wa kifalsafa wenye uzito: usahihi wa tendo haupimwi kwa matokeo yake pekee.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wentworth, aliyekuwa akijiona kuwa mtendewa, anakuja kukiri kwamba mwaka 1808, alipokuwa amekwisha kupata cheo na fedha kidogo, angeweza kumwandikia Anne na kuposa tena. Kilichomzuia ni kiburi. Kumbe sehemu kubwa ya miaka ile minane haikuibwa na Lady Russell wala na Anne, aliitupa mwenyewe. Kurudiana kwao kunakubalika kwa sababu kila mmoja amelitaja fungu lake, na kwa sababu Wentworth anaomba kwa barua asiyo na hakika ya jibu lake. Hamrejei Anne, anamposa.

Where She Went (2011) ni mwendelezo wa If I Stay (2009), riwaya ambamo Mia, binti mpiga selo, anapoteza wazazi na ndugu yake katika ajali ya gari, naye mwenyewe akalala mahututi hospitalini akiamua kama ataishi au atakufa. Katika kitabu cha pili msimulizi ni Adam, mpenzi wake. Miaka mitatu imepita tangu Mia alipokwenda New York kusomea muziki na kukata mawasiliano bila maelezo. Adam amekuwa mwanamuziki maarufu wa roki, na umaarufu huo ameupata kwa nyimbo zilizozaliwa na machungu ya kuachwa. Wanakutana kwa sadfa mjini humo, wakatembea pamoja usiku kucha.

Katika usiku huo msomaji anagundua jambo linaloipindua kesi nzima. Kando ya kitanda cha Mia, Adam alimsihi asife, akaahidi kwamba akibaki hai atafanya lolote, hata kumwachilia aende zake kama kuwa naye kutamuumiza. Mia aliyasikia maneno yale. Alibaki hai, kisha akamchukia aliyemtaka abaki katika dunia isiyo na wazazi wake. Kwa hiyo kile ambacho Adam alikiita usaliti kilikuwa, kwa upande mmoja, utekelezaji wa ahadi yake mwenyewe. Hata hivyo Forman hamwondolei Mia lawama: kuondoka ilikuwa haki yake, kunyamaza haikuwa. Kama kuna udhaifu katika kazi hii, basi ni kasi. Usiku mmoja unabebeshwa kazi ya miaka mitatu, na msomaji wa miaka 16 anaweza kuondoka akidhani kwamba mazungumzo ya saa chache yanatosha kuganga kila jeraha. Lakini mwandishi amelipata lililo la msingi: hakuna kurudi kabla ya kusema.

Rosa na nafasi iliyonyimwa

Tukigeukia Rosa Mistika (1971), tunakutana na upande wa pili wa sarafu hii. Riwaya hii, iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda baada ya kuchapishwa, imezoeleka kuhakikiwa kama riwaya ya malezi: ukali wa Zakaria unamfungia Rosa nyumbani, na shule inapomfungulia anaangamia kwa kutojua dunia. Uhakiki huo ni sahihi, ila hautoshi. Tukisahau kwa muda suala la malezi, tutaona kwamba msuko wa riwaya hii una umbo kamili la hadithi ya nafasi ya pili. Charles ndiye kijana aliyemwandikia Rosa barua, na barua hiyo ikamletea binti kipigo kutoka kwa babake. Miaka inapita, Rosa anaonja machungu, anajirudi, kisha Charles anatokea tena kama mchumba. Katika utanzu tunaouzungumzia, hapa ndipo furaha inapoanza. Kezilahabi anaukata uzi. Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua.

Kosa la Charles ni lipi? Hatuwezi kusema kwamba alikosa kusamehe, kwa maana Rosa hakumkosea. Katika miaka ile hapakuwa na ahadi yoyote baina yao iliyovunjwa. Kosa lake ni kutaka kurejea mahali palipohitaji kufunga upya. Alimtaka yule binti wa barua, kana kwamba alikuwa amewekwa kabatini akimngojea, na alipokutana na mwanamke mwenye historia akaihesabu historia hiyo kama deni analodaiwa yeye. Na kipimo anachokitumia hakimpimi mwanamume.

Tukizilinganisha kazi hizi, tunaona jambo linalopaswa kutushughulisha sisi tunaofundisha vijana. Wentworth anarudi na pauni 25,000. Adam anarudi na umaarufu. Hata Mia anarudi akiwa msanii anayepigiwa makofi. Nafasi ya pili inawaendea waliofaulu, na kufaulu kwao kunachukuliwa kama ushahidi kwamba wamestahili. Rosa hakuwa na cha kuonyesha ila toba yake, na toba haikuhesabiwa. Utanzu huu, basi, unaweza kumfundisha kijana bila yeye kujua kwamba mapenzi husamehe mali na kuhukumu umaskini, husamehe mwanamume na kuhukumu mwanamke.

Pingamizi

Yamkini msomaji atasema kwamba tunayafanya mapenzi kuwa mahakama. Msamaha ni zawadi, na zawadi haiwekewi masharti ya ungamo. Tunakubali nusu ya pingamizi hili. Hannah Arendt, katika The Human Condition (1958), anaeleza kwamba matendo ya binadamu yana matatizo mawili: hayatenduliki, na matokeo yake hayatabiriki. Dawa ya tatizo la kwanza ni msamaha. Dawa ya la pili ni ahadi. Msamaha unamfungua mtu kutoka jana, ilhali ahadi inajenga kisiwa kidogo cha hakika katika bahari ya kesho.

Tukiichukua tofauti hii, swali la yule mwanafunzi linapata jibu. Kusamehe ni kazi ya msamaha, na mtu anaweza kukutoa bure. Kurudiana ni kazi ya ahadi, na ahadi haitolewi kwa ajili ya jana bali kwa ajili ya kesho. Aliyesamehe hajaahidi kitu. Anaweza kumfungulia mwenzake mlango wa moyo na bado asimfungulie mlango wa nyumba, na katika kufanya hivyo asiwe katili wala mnafiki. Na anayeamua kuahidi upya ana haki ya kujua anamwahidi nani. Ndiyo maana ungamo ni la lazima. Aliyeumwa na nyoka akishtuka aonapo ung'ongo hana haja ya kulaumiwa kwa kukosa upendo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya nafasi ya pili, ambayo wengi huidharau kama burudani ya wasichana, imebeba swali zito la maadili. Haifai kuikataza, na haifai kuisifu kwa sababu tu ina mwisho mwema. Linalofaa ni kuwafundisha wanafunzi wetu kuiuliza maswali: Je, anayerudi anaomba au anadai? Yaliyopita yametajwa au yamefunikwa? Anayeombwa angeweza kukataa, na msimulizi angemheshimu kama angekataa?

Yaliyopita, basi, ni ndwele. Ndiyo maana yanahitaji kugangwa, na mganga hawezi kuanza kazi kabla ya mgonjwa kuonyesha panapouma. Mwanafunzi yule alihitimu masomo yake kabla sijalifikia jibu hili. Natumaini atayasoma makala haya na kuona kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko langu.