Mizani Haitoi Ushahidi

Mkulima wa Kianjokoma anapofikisha majani chai kituoni, karani hutundika gunia kwenye mizani ya kielektroniki, namba hutokea, risiti hutolewa, na shauri limekwisha. Akishuku uzito ule, jibu lililo karibu ni kwamba mashine ndiyo imesema. Nadai kuwa jibu hilo ni kosa la kiimani kabla ya kuwa kosa la ufundi. Linaipa mashine cheo cha shahidi, na shahidi ni yule tu awezaye kuulizwa, kuapa na kubeba lawama. Pa kuliona kosa hilo mchana kweupe ni katika kozi ambayo wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta huiona mzigo: muundo wa ndani wa kompyuta na lugha ya asembli.

Katika asembli hakuna kilo, majani wala deni. Kuna rejista chache zilizojaa biti, na amri fupi fupi: pakia, jumlisha, linganisha, ruka. Biti 01000001 ni 65 mwandishi wa programu akitaka namba, na ni herufi A akitaka herufi. Ndani ya saketi hakuna kinachojali. Tuwaze programu inayohesabu uzito kwa gramu katika rejista ya biti 16 yenye nafasi ya namba hasi. Kikomo chake ni 32,767. Gunia la kilo 20 likijumlishwa na la kilo 13 ni gramu 33,000, lakini rejista itasomeka hasi 32,536. Prosesa haikusema uongo. Imejumlisha ilivyoamriwa, ikainua bendera ya kufurika, na ikiwa mwandishi hakuagiza bendera hiyo ikaguliwe, inaendelea na amri inayofuata. Kosa la ukoo huohuo, namba kubwa kulazimishwa kuingia katika biti 16, liliiangamiza roketi ya Ariane 5 tarehe 4 Juni 1996, haijamaliza hata dakika moja angani.

Mithali sura ya 11 inafungua kwa kuikemea mizani ya hadaa, na Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, yenye jina la wapunjao vipimo. Mwenye kuhukumiwa kote kuwili ni mtu. Zamani mkono wake ulionekana juu ya jiwe la kupimia. Leo umefunikwa na programu, kompaila na saketi, na kadiri unavyofichika ndivyo namba inavyopokelewa kwa unyenyekevu wa ibada. Anayejifunza asembli anaufunua mkono huo, na kwa hiyo namhesabu kuwa anamtumikia jirani yake.

Wapo watakaosema kuwa kompaila, na sasa akili unde, zinaandika amri hizo vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Ni kweli, ila kuandika ni kazi moja na kuwajibika ni nyingine. Hiyo ya pili haikabidhiki kwa chombo. Pingamizi zito zaidi ni la muumini: ikiwa twamwamini Mungu tusiyemwona, kwa nini tuikague mashine? Kwa sababu Mungu hatukumuumba sisi. Kila biti iliyomo katika mizani iliwekwa na mtu au kwa agizo la mtu, basi kuiamini bila kuuliza ni kumpa kiumbe heshima isiyo yake. Wala mkulima halazimiki kusoma asembli. Anahitaji wachache walioisoma, na Chuo Kikuu cha Embu hakiko mbali naye. Anahitaji pia haki ya kudai mashine ifunguliwe. Haki hiyo si ndoto nchini Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru sava za tume ya uchaguzi zifunguliwe kwa ukaguzi. Tume haikutii ipasavyo, majaji wakaihesabia hilo, na tarehe 1 Septemba wanne kati ya sita wakaufuta uchaguzi wa rais.