Je, Mmea Hulia?

Kitenzi hakitaji kitendo peke yake. Aghalabu humtaja pia mtendaji na hali ya moyo wake. Tusemapo "mtoto analia", tumekwisha kukiri kwamba yupo anayeumia. Hapana budi basi tujiulize, sisi walimu wa lugha, kama ni haki kusema kwamba mimea hulia, huonya na huomba msaada, kama isemwavyo mara nyingi siku hizi.

Tuanze na mambo yenyewe. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kiwavi atafunapo jani, glutamati huvuja kutoka katika seli zilizojeruhiwa, na wimbi la kalsiamu husafiri hadi majani ya mbali kwa muda wa dakika chache. Majani hayo, ingawa hayajaguswa, huanza kujikinga. Mahindi nayo yakitafunwa hutoa harufu inayowavuta nyigu wadogo, ambao hutaga mayai ndani ya viwavi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walieleza kwamba minyanya na mitumbaku iliyokosa maji, au iliyokatwa shina, hutoa milio isiyosikika kwa sikio la mwanadamu, yapata 30 hadi 50 kwa saa. Mmea usio na dhiki hautoi hata mmoja kwa saa.

Lakini mmea hauna ubongo wala neva. Milio hiyo yadhaniwa kutokana na viputo vya hewa ndani ya mirija ya maji. Kwa hiyo kusema kwamba mmea hulia ni istiari, na istiari ikisahauliwa kuwa ni istiari hugeuka uongo. Isitoshe, neno "kilio" likigawiwa kila kitu, atakayepunjwa ni yule anayelia kweli.

Je, kwa kuwa mmea hausemi, hatuna wajibu wowote? La, hasha. Wahenga walinena: Dalili ya mvua ni mawingu. Wingu halina nia ya kumwonya mtu; hata hivyo, aliyeacha nafaka uani hawezi kujitetea kwamba wingu halikumwita kwa jina. Wajibu hautokani na nia ya kitoacho dalili, bali na ujuzi wa aionaye.

Huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, wataalamu wa wadudu hawakungoja kwanza kujua kama mmea una roho. Walizichunguza harufu za mimea, kisha wakawafundisha wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili iwafukuze nondo wazaao viwavi, na nyasi za Napier kandokando ya shamba ili ziwavute huko. Ujuzi ulizaa wajibu, na wajibu ukazaa chakula.

Basi darasani tuseme kwamba mmea "huashiria", na "kulia" tuwaachie wenye kuhisi. Lakini tofauti hiyo ya maneno tusiifanye kichaka cha kujifichia. Mwanafunzi asinziaye kwa njaa naye hajatamka neno; mwalimu aliyemwona amekwisha kuambiwa.