Amri ya 'Soma' haikuwashukia watoto peke yao

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, ni nadra mhadhara wa elimu katika misikiti yetu kumalizika bila kutajwa Suratul Alaq, aya ya kwanza hadi ya tano. Sote tunajua kuwa neno la kwanza la Wahyi lilikuwa "Iqra", yaani soma. Lakini mhadhara ukiisha, mzazi hurejea nyumbani, akamkuta mwanawe anacheza, akamkaripia: "Kasome!" Kisha yeye huketi sebuleni na simu yake mpaka usiku.

Hebu tuzingatie. Amri ile ilipoteremka katika pango la Hira, aliyeamrishwa hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye mke na watoto. Vipi basi sisi tumeigeuza ikawa amri ya watoto tu, na wakubwa tukajiona tumesamehewa?

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na mwisho wa wiki nafundisha madrasa. Vijana ninaowapokea Kidato cha Kwanza wanajua kunakili na kukariri. Lakini ukimpa mmoja wao ukurasa unaoeleza Hijra, ukamwambia asome kimya kisha asimulie kwa maneno yake, wengi hukwama. Si kwamba hawana akili. Ni kwamba tangu utotoni wamekijua kitabu kwa mambo mawili tu, bakora na mtihani. Mtihani ukipita, daftari huishia kufungia karanga.

Hasara yake si ndogo. Kijana asiyependa kusoma hawezi kuhakiki. Akitumiwa kwenye simu maneno yanayodaiwa kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.), hatafungua kitabu kutazama kama ni sahihi. Atayasambaza tu. Umma wa vijana wa namna hiyo utachukuliwa na yeyote mwenye sauti kubwa.

Sasa tufanye nini? Wapo wazazi watakaosema: "Ustadhi, mimi mwenyewe sikusoma." Kwa hao nina kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimtaka Abdallah bin Mas'ud amsomee Qur'an. Ibn Mas'ud akastaajabu, vipi amsomee yeye ambaye ndiye aliyeteremshiwa? Mtume akamjulisha kuwa anapenda kuisikia kwa mwingine. Akamsomea Suratun Nisaa, na alipofika aya ya 41 macho ya Mtume yalikuwa yanabubujika machozi.

Tazama, ndugu yangu. Mtume wetu hakuwa mwenye kusoma maandishi, na bado aliketi akasikiliza kwa moyo wake wote. Basi kumsikiliza msomaji nako ni heshima kubwa. Katika madrasa yetu yupo binti mmoja ambaye mama yake anauza vitumbua na hajui herufi hata moja. Kila usiku, baada ya kuosha vyombo, mama humwambia: "Haya mwanangu, nisomee." Husomewa kitabu cha hadithi au hata kipande cha gazeti alichofungiwa sukari, naye huuliza, "Ehe, ikawaje?" Binti huyo hahitaji bakora. Amekwishaonja kuwa usomaji wake unamfurahisha mama yake, na hilo linamtosha.

Wapo pia wanaosema kuwa vitabu vya hadithi ni kupoteza wakati, mtoto asome Qur'an tu. Qur'an ndiyo ya mwanzo, hilo halina mjadala. Lakini Qur'an yenyewe imejaa visa. Suratu Yusuf karibu yote ni kisa kimoja, na Allah (s.w.) katika aya yake ya tatu anakisifu kuwa ni katika simulizi zilizo bora. Muumba wetu anajua kuwa moyo wa mwanadamu huvutwa na kisa. Basi mtoto apewe visa vya Mitume na maswahaba, apewe hekaya za Abunuwasi acheke, na akikua kidogo apewe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Mzazi achunguze maadili ya kitabu, kisha amwache mtoto achague mwenyewe. Wala kusoma kusifanywe adhabu. Ukimwambia mtoto "umekosa, kaa chini usome", umemfundisha kukichukia kitabu.

Ama gharama, tukumbuke Badr, mwaka wa 2 Hijria. Wako mateka waliokosa mali ya kujikomboa, na fidia yao ikawa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Waislamu wa wakati ule walikuwa wahitaji, na bado elimu ya watoto ilihesabiwa kuwa ni fidia tosha. Sisi tunapata vocha ya simu kila siku, tunakosaje kitabu kimoja kwa mwezi?

Na kamati za misikiti nazo zina la kujibu. Misikiti mingi ina kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo hajulikani nani anao. Lifunguliwe baada ya Alasiri, liwekwe daftari la kuazimia, na vitabu vya watoto vipangwe chini wanakofikia. Kitabu kikichanika kwa kusomwa, hiyo si hasara. Kinacholiwa na mchwa kabatini ndicho hasara.

Tuanze leo, baina ya Maghrib na Isha. Simu ziwekwe kando, baba achukue kitabu, mama achukue kitabu, na asiyejua kusoma aseme, "Nisomee mwanangu." Allah (s.w.) atujaalie watoto wenye kupenda elimu, na sisi tuwe wa mwanzo kuwaonesha njia.

Wabillahi tawfiq.