Kiu Moja, Maua Mawili

Katika barabara ya Katoro inayotoka Geita kwenda Chato, miche ya matunda huuzwa kwa majina yake: mwembe, mparachichi, mchungwa. Lakini chochote chenye shina nene, miiba mingi na majani ya kuhesabu huitwa kaktasi. Anayeandika hivyo kwenye kopo hadanganyi. Ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia, na huyo naye aliambiwa.

Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo ni ndugu wa minyaa, ile ile ambayo Wasukuma wamezungushia miji na mazizi yao tangu enzi za mababu. Kaktasi halisi asili yake ni Amerika, nazo zililetwa huku na watu, isipokuwa aina moja nyembamba inayoning'inia juu ya miti ya misituni, ambayo inadhaniwa mbegu zake zilibebwa na ndege. Koo hizi mbili hazina undugu wa karibu. Kilichozifananisha ni kiu. Huku na kule, kwa mamilioni ya miaka, ukame uliyapunguza majani yasipoteze maji, ukanenepesha mashina yayahifadhi, ukaacha miiba ilinde akiba hiyo.

Jambo hili hunikalia moyoni ninapowaona vijana wakitoka jioni kwenye makarasha ya kusaga mawe. Mmoja katoka Kigoma, mwingine Mara, mwingine kazaliwa hapa hapa. Vumbi la mawe limewapaka wote rangi moja, nasi tunawapa lebo moja: wachimbaji. Shida humfinyanga mtu umbo lake la nje. Kile alichozaliwa nacho hubaki ndani, na hakitoki kwa kuitwa.

Mmea nao ndivyo ulivyo. Unaweza kuuchunguza mwiba: kwenye kaktasi, miiba huchomoza kwa kishada katika kituta kidogo chenye manyoya, na jamaa wengi wa minyaa wenye miiba huitoa miwili miwili. Unaweza kuukwaruza uone kama utatoka utomvu mweupe, ingawa zipo kaktasi chache zenye maziwa pia. Ua ndilo linalomaliza ubishi, na ua haliamrishwi. Zipo kaktasi zinazokaa miaka mingi kabla ya kuchanua, na nyingine hufungua usiku mmoja tu, jua likipanda zimeshanyauka. Kungoja hivyo, bila kulazimisha jibu, kwangu ni namna ya ibada. Aliyeuumba mmea analijua jina lake hata kama kopo limekosewa.

Mmea mmoja wenye pembe nne, ulioandikwa kaktasi kwenye kopo la mama mmoja anayeuza miche, ulichanua baada ya mvua. Sikuona ua kubwa lenye petali tele na nyuzi za chavua zisizohesabika, kama la kaktasi. Juu kidogo ya kila jozi ya miiba vilijipanga vikombe vya njano-kijani, vidogo kuliko punje ya mahindi, visivyo na petali hata moja. Katika kimoja nilichokikagua, kila ua la kiume lilikuwa uzi mmoja tu wa chavua, na katikati yao ua la kike limejitokeza kwa kikonyo chake, kifuko cha mbegu kimegawanyika mara tatu. Nililitazama kwa muda mrefu. Ni ukoo wa minyaa.

Na hapo ndipo nilipoona kwamba kuliita jambo kwa jina lake ni sehemu ya kumpenda jirani. Mzazi anayedhani amenunua kaktasi atamwonya mtoto juu ya miiba, basi. Hatamwambia kwamba utomvu wa mmea huu ukiingia machoni huunguza, na unaweza kumpofusha kwa siku kadhaa.

Yule mama muuza miche aliponisikia nikiyasema haya akasema, "Mwalimu, niandikie basi." Nikamwandikia: jamii ya minyaa, maziwa yake ni hatari kwa macho, osha kwa maji mengi upesi, kisha nenda hospitali. Kaibandika lebo hiyo kwenye kopo kwa gundi, na sasa wateja wanamuuliza kaktasi ya kweli ikoje.